Cheti cha zimamoto kikivuka mpaka wa jimbo

Mwezi huu barua nne zimeuliza jambo moja kwa njia nne: ukipata cheti cha zimamoto katika jimbo moja la Marekani, jimbo jingine litakitambua? Nimezifupisha na majina nimeyaficha. Kwa msomaji mgeni, mimi ni mtu wa pwani ya Kenya, kazi hii niliianzia huko, na sasa nafundisha Minnesota. Kila mara naitwa kukaa kwenye meza ya usaili, kwa hiyo vyeti vya majimbo ya watu hupita mikononi mwangu.

*Jambo mzee. Mimi ni mtoto wa Uvira, ninaishi Des Moines, Iowa. Nilijiunga na kikosi cha kujitolea cha mji mdogo karibu na hapa, nikasoma mpaka nikapata Firefighter I na Firefighter II, zile ngazi mbili za msingi za cheti cha zimamoto. Mke wangu amepata kazi Fort Worth, Texas, tutahama kabla shule za watoto hazijafunguliwa. Rafiki yangu aliyeko kule ananiambia karatasi za Iowa ni za kufungia maandazi, nitaanza chuo upya. Nina miaka 34. Ni kweli?*

Mdogo wangu, rafiki yako amekutisha. Lakini usimpuuze kabisa, maana kuna watu wamefika Texas na bahasha nene ya vyeti wakaambiwa warudi darasani, na si kwa uonevu.

Nianze na chanzo cha fujo yenyewe. Marekani haina leseni ya taifa ya zimamoto. Baadhi yetu tumetoka katika nchi ambazo jeshi la zimamoto ni moja. Ukihamishwa kutoka Mwanza kwenda Mtwara unabadilisha kituo tu, cheo na cheti unaondoka navyo. Hapa kila jimbo lina sheria yake na bodi yake, na kuna majimbo ambayo jimbo lenyewe halikulazimishi chochote, linaiachia halmashauri ya mji iamue. Kinachofanana ni kile kinachofundishwa. Shirika la NFPA, lililoanzishwa mwaka 1896, huandika viwango vya kazi hii, na kiwango cha askari wa zimamoto kimejulikana kwa miaka mingi kwa namba 1001. Hivi karibuni namba hiyo imeunganishwa na nyingine tatu na kuwa NFPA 1010, toleo la mwaka 2024. Kwa hiyo usishtuke ukiona cheti chako kimeandikwa 1001 na cha kijana aliyekufuata kimeandikwa 1010.

Sasa, kwa sababu majimbo mengi yanafuata kiwango hicho hicho, swali la Texas halihusu ulichosomea Iowa. Texas inataka kujua nani alisimamia mtihani wako na nani alimkagua huyo msimamizi. Wakaguzi wa namna hiyo ni wawili. Wa kwanza ni Pro Board, iliyoanza mwaka 1972, makao yake Quincy, Massachusetts. Wa pili ni IFSAC, iliyoundwa mwaka 1990, ambayo ofisi yake iko Chuo Kikuu cha Oklahoma State, mjini Stillwater. Hao hawakupi wewe mtihani. Wanakwenda kwa taasisi inayotahini, wanapekua maswali yake, wanaangalia jinsi mtihani wa vitendo unavyoendeshwa na kumbukumbu zinavyotunzwa, kisha wanairuhusu iweke alama yao kwenye vyeti vyake. IFSAC hutoa muhuri wenye namba. Pro Board hukuandikisha kwenye daftari lao la taifa, nako unapata namba.

Toa vyeti vyako, uvilaze mezani chini ya taa. Mara nyingi huwa kibandiko kidogo kwenye kona, si kile cha dhahabu kikubwa kinachomeremeta katikati. Mimi nikiwa kwenye usaili, kile cha dhahabu nakipita. Jicho linatafuta namba. Iowa imekuwa chini ya IFSAC kwa muda mrefu, kwa hiyo nina imani utakiona. Texas ukitokea jimbo jingine, muhuri wa IFSAC ndio njia ya kawaida ya kuingilia.

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo soma polepole. Tume ya zimamoto ya Texas, iliyoko Austin, haitosheki na mihuri miwili. Inataka minne: Firefighter I, Firefighter II, na mingine miwili ya kemikali hatari, yaani ngazi ya kutambua na ngazi ya kukabiliana. Watu wengi hizo za kemikali walizisoma pamoja na Firefighter I, wakafanya mtihani, wakafaulu, lakini hawakufuatilia muhuri wake. Majimbo mengine hubandika bila kuombwa, mengine mpaka ujaze fomu na ulipe ada. Wewe umenitajia vyeti viwili tu. Viwili vingine viko wapi? Kama vimo kwenye faili la ofisi ya mafunzo ya jimbo, vifuate wiki hii, ukiwa bado mkazi wa Iowa na mkufunzi wako anakujua kwa sura. Kuulizia faili kutoka Fort Worth kwa simu, mwenye faili amestaafu, ni kazi inayomalizia mtu mwaka. Na kama taasisi iliyokutahini haikuwa imekaguliwa kwa ngazi hiyo wakati ule unafanya mtihani, usitegemee muhuri wa kurudi nyuma.

La pili ni tiba ya dharura. Texas inataka askari wake wa zimamoto awe na mafunzo ya huduma ya dharura pia, na miji mingi haikutazami kama huna EMT, yaani cheti cha mhudumu wa tiba ya dharura. Kama EMT yako ni ya usajili wa taifa, ule ulioanzishwa mwaka 1970 na wenye makao yake Columbus, Ohio, basi hiyo inahama nawe kwa urahisi zaidi kuliko ya moto. Unaiombea leseni ya Texas kwenye idara yao ya afya, ambayo ni ofisi nyingine kabisa, na unahakikisha haijaisha muda. Watu wa ambulensi walijipanga kitaifa mapema. Sisi wa moto tungali tunabishana.

La tatu ni umri wako, na hili hukuliuliza lakini ndilo limenifanya nikuweke wa kwanza. Texas kuna sheria ya utumishi wa askari wa miji, inayotumika katika miji iliyoikubali kwa kura. Fort Worth imo, Houston imo. Chini ya sheria hiyo, mtu aliyefikisha miaka 36 haajiriwi kama askari mpya wa zimamoto. Una 34. Mchakato wa kuajiriwa, tangu mtihani wa kuandika, usaili, vipimo vya daktari na upekuzi wa historia yako mpaka kuapishwa, unaweza kula mwaka mzima. Hesabu mwenyewe. Miji isiyo chini ya sheria hiyo ina kanuni zake, na mingine haijali umri, kwa hiyo usijifungie Fort Worth peke yake. Zunguka vitongoji vyake.

Halafu kuna jambo ambalo huenda rafiki yako alilichanganya. Kutambuliwa na tume ni kitu kimoja, kuajiriwa ni kingine. Miji mikubwa ina vyuo vyake, na mingi humpeleka kila mwajiriwa mpya chuoni, awe ana mihuri minne au hana hata mmoja. Huko utakimbizwa na vijana wa miaka 20 na kufundishwa kufunga fundo ambalo umelifunga miaka yote. Usilipinge, unalipwa mshahara. Miji midogo ndiyo inayopenda mtu aliyekwisha kuiva, kwa sababu haina fedha za kumsomesha. Na kama utataka kuendelea kujitolea tu, vikosi vya kujitolea vya Texas havilazimishwi na tume kuwa na vyeti vyake, kwa hiyo mlango huo uko wazi hata kesho.

Kabla ya yote hayo jiandae kwa jaribio la mwili. Miji mingi nchini hutumia lile liitwalo CPAT, lililotungwa na chama cha wafanyakazi wa zimamoto pamoja na chama cha wakuu wa zimamoto mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni vituo vinane, vyote ndani ya dakika 10 na sekunde 20. Unavishwa fulana ya uzito wa kilo 22 na ushee, na kituo cha kwanza ni mashine ya ngazi ambapo unaongezewa kilo 11 mabegani. Unapanda dakika tatu, hatua 60 kwa dakika, bila kushika reli. Ukishuka miguu inatetemeka na mpira wa maji unakungoja. Nimeona wanaume wenye vifua vya kutisha wakianguka pale pale kwenye ngazi kwa sababu mazoezi yao yote ni ya kunyanyua chuma. Panda ngazi. Tafuta jengo refu, vaa mkoba wenye mchanga, panda. Na cheti cha jaribio hili nacho hakidumu, waulize kwanza wanakubali cha muda gani.

*Habari za siku nyingi, mzee wetu. Mimi ni Mkenya, naishi Lowell, Massachusetts. Nina Firefighter I na II, na vyote viko kwenye daftari la Pro Board. Dada yangu yuko Jacksonville, Florida, na baridi imenishinda, nataka kumfuata. Nimesoma kwamba Florida haitambui vyeti vya mtu. Je, nitafanya mtihani tena hata na Pro Board?*

Ndiyo, dada, utafanya. Ila neno "haitambui" limezidi kidogo. Florida huangalia kwanza kama mafunzo yako yanalingana na yake. Kozi yao ya msingi, Firefighter I na II kwa pamoja, ina saa 492. Unapeleka maombi kwenye ofisi ya mafunzo iliyo chini ya mkuu wa zimamoto wa jimbo, ukiambatanisha vyeti, mihtasari ya kozi na saa ulizosoma. Wakiridhika kwamba yanalingana, wanakuepusha na kozi. Kinachobaki ni mtihani wa jimbo, wa kuandika na wa vitendo. Chuo chao cha zimamoto kiko Ocala, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwa dada yako.

Najua unasikia uchungu, umeshatahiniwa mara moja. Wako wenzangu wanaosema majimbo haya yanalinda ada zao tu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kumrudisha mtu mwenye uzoefu darasani kwa miezi ni upotevu wa mtu na wa fedha, hilo nitalisema popote. Lakini mtihani wa vitendo wa siku moja simlaumu mtu akiutaka. Kiwango kinasema uvae mtungi wa hewa na uuwashe ndani ya dakika moja. Mwambie mtu aliyepata cheti miaka sita iliyopita na tangu hapo yuko ofisini akuvalie sasa hivi. Utaona mkanda wa kulia umepinda, barakoa imeshika nywele pembeni, hewa inavuja inapiga mluzi, naye anaangalia saa. Mtu huyo simtaki nyuma yangu kwenye ngazi, cheti chake kiwe na mihuri kumi.

Kwa hiyo jizoeze kabla hujaenda. Omba kituo chako cha Lowell wakuachie mtungi na ngazi Jumamosi moja moja. Sijaona kapteni anayekataa ombi hilo. Na ulizia mapema karatasi inayoonyesha hatua za mtihani wao, kwa sababu hata kama kiwango ni kile kile, kila jimbo lina mpangilio wake wa kupanda ngazi na kuvuta mpira, na wanakata alama kwa hatua uliyoiruka.

Mambo mengine mawili ya Florida ambayo watu huyagundua wamechelewa. Sheria yao inataka uape kwamba hujatumia tumbaku kwa mwaka mzima kabla ya kuomba. Kama wewe au mwenzako mna tabia ya shisha ya Jumamosi, shisha ni tumbaku, saa ya mwaka inaanza siku mliyoacha. Pili, wanataka uwe umemaliza sekondari. Cheti chako cha KCSE kipeleke mapema kwenye kampuni ya kutathmini vyeti vya nje, iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa kampuni za namna hiyo, upate barua ya kwamba kinalingana na cha sekondari ya hapa. Barua hiyo utaihitaji hata nje ya zimamoto. Ukishapita, cheti cha Florida hudumu miaka minne, na kuna masharti ya kukihuisha, uyasome siku ya kwanza wala si mwezi wa mwisho.

*Shikamoo afande. Mimi ni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hapa Tanzania, nimepitia mafunzo Chogo, Handeni, na nimefanya kazi Dar es Salaam. Nimeshinda bahati nasibu ya viza, natarajia kuja Marekani na familia. Vyeti vyangu vya jeshi vitatambuliwa jimbo gani?*

Marahaba, afande, na karibu. Jibu fupi litakukata maini: kama cheti hakina alama ya IFSAC au Pro Board, karibu kila jimbo litakuambia uanze Firefighter I. Usihangaike kutafuta jimbo lenye huruma. Nimesoma barua yako mara mbili kuona kama umewahi kufanya kazi kwenye kambi za jeshi la Marekani, kwa mfano kule Ghuba, kwa sababu wizara ya ulinzi ya Marekani ina mpango wake wa vyeti vya zimamoto, chuo chake kiko San Angelo, Texas, na vyeti hivyo vina alama za wakaguzi wote wawili. Waafrika Mashariki waliopitia huko kwa mikataba huja na kitu mkononi. Wewe hukutaja, basi nachukulia hapana.

Usiviache nyumbani lakini. Njoo navyo vyote, na barua ya utumishi yenye muhuri wa jeshi inayoeleza umefanya nini, sio cheo tu: mioto ya majengo, uokoaji wa barabarani, mafuriko ya bondeni. Kwenye fomu ya jimbo havitahesabika, kwenye usaili vitahesabika sana. Mtu aliyezima moto wa nyumba zilizobanana uswahilini, gari haliingii, maji ni ya kubahatisha, ana majibu ambayo kijana wa hapa hana. Wasailiwa wengi wa kwetu hunyenyekea mno, wanasema "nilisaidia" wakati wao ndio waliokuwa wakiongoza. Sema ulichofanya.

Namna ya kuanza bila kutoa fedha ni vikosi vya kujitolea. Mwaka 2020 NFPA ilikadiria wazimamoto milioni moja na elfu 41 hivi nchini humu, na karibu asilimia 65 kati yao ni wa kujitolea. Wana uhaba wa watu usiku na mchana. Vikosi vingi vitakulipia Firefighter I, vitakupa mavazi, na wewe utawapa usiku wako na mwisho wa juma. Siku unayoulizia kujiunga, uliza na hili: mtihani wenu unatoa muhuri gani? Kama mkuu wa kikosi hajui, mwombe akupe namba ya anayejua. Tafuta kituo chenye alama hizo hata kama ni mwendo mrefu zaidi kwa gari, maana mgeni huhama mara mbili tatu kabla hajatulia, na utahitaji cheti kinachohama nawe.

Kuhusu ukaazi: kuna idara zinazokubali mwenye kadi ya kijani na kuna zinazotaka uraia. Ni tangazo la kazi litakalokuambia, soma mstari huo kabla ya mwingine wowote. Na ukija huku kwetu Minnesota, ujue kwamba hata cheti kikitimia, askari wa zimamoto wa kudumu anatakiwa awe na leseni ya bodi ya jimbo juu yake, inayohuishwa kila baada ya miaka mitatu. Cheti kinaonyesha uliwahi kufaulu. Leseni inaonyesha bado unafanya mazoezi.

*Mjomba, niko Boise, Idaho. Nataka kuzima moto wa misitu kiangazi hiki, na mwakani labda California au Montana. Nitahitaji cheti cha kila jimbo?*

Hapana, mpwa wangu, wewe umechagua upande wenye raha. Moto wa msituni hauheshimu mipaka, na ardhi kubwa ya magharibi ni ya serikali kuu, kwa hiyo walikaa wakakubaliana mapema. Unasoma kozi mbili za msingi, S-130 na S-190, unafanya jaribio la mwili, unapewa kadi wanayoiita nyekundu, inayotambulika nchi nzima. Na hapo Boise mlipo ndipo kilipo kituo cha taifa cha kuratibu moto wa misitu, kwa hiyo kozi hukosi. Ila kadi hiyo ni ya msituni tu: usiipeleke kituo cha mjini ukidhani ni Firefighter I.

Jaribio lenyewe ni kutembea maili tatu, karibu kilomita tano, ukiwa na mzigo wa kilo 20 mgongoni, ndani ya dakika 45. Kukimbia hakuruhusiwi. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea.